Huduma ya Nyumbani kwa Mgonjwa wa Alzheimer: Mwongozo kwa Kaya za Magomeni, Kilosa

Ugonjwa wa Alzheimer huharibu ubongo polepole, kwa miaka mingi, na mara nyingi huanzia sehemu inayopokea mambo mapya. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kusimulia harusi yake ya ujanani bila kuruka kitu, na papo hapo asikumbuke kama amekunywa chai asubuhi hii. Daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906, baada ya kuchunguza ubongo wa mwanamke ambaye daktari huyo aliwahi kumtibu mjini Frankfurt: alikuta mabonge ya protini kati ya seli na seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Ugonjwa huu ndio unaoongoza kwa kusababisha dimensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu, lugha na uwezo wa kupanga mambo hadi mtu ashindwe kujitegemea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tanzania nayo imo. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta dimensia kwa watu kama 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 au zaidi.

Huu si uzee wa kawaida. Mzee mwenye afya husahau alikoweka funguo, akitulia hukumbuka. Mgonjwa huzikuta funguo ndani ya mtungi wa maji na kushikilia kuwa mjukuu ndiye mwizi. Wala si kurogwa, wala si uchawi wa mgonjwa mwenyewe. Jambo hili inafaa familia iliseme waziwazi mbele ya majirani mapema, kwa sababu bibi anayezungumza peke yake usiku na kutoka nje bila nguo huwa hatarini kwa maneno ya watu kabla hajawa hatarini kwa ugonjwa.

Magomeni ni kata ya mji wa Kilosa, mkoani Morogoro, na hapo kama kwingine nchini mgonjwa wa Alzheimer huishi na kuugulia kwake. Makazi ya wazee ya serikali, kama yale ya Fungafunga mjini Morogoro, ni ya wazee wasio na ndugu wa kuwatunza. Kampuni zinazopeleka wauguzi majumbani zimejikita zaidi Dar es Salaam. Kaya ya Magomeni inayotaka huduma ya kitaalamu hulazimika basi kuiunganisha yenyewe: familia, mtu wa kulipwa aliyefunzwa, na kituo cha afya, kila mmoja akijua zamu yake inaishia wapi.

Kupima kwanza

Mhudumu asiajiriwe kabla mgonjwa hajapimwa, kwa kuwa yapo maradhi mengi yanayofanana na Alzheimer na yana tiba. Homoni za tezi la shingo zikipungua, vitamini B12 ikikosekana, kaswende ya zamani au Virusi vya Ukimwi vikifika kwenye ubongo, mtu huanza kusahau. Sonona humfanya mzee aonekane amepoteza akili kumbe amekata tamaa. Mzee asiyesikia vizuri hujibu vitu visivyoulizwa. Aliyeanguka na kugonga kichwa wiki kadhaa zilizopita anaweza kuwa na damu inayovuja taratibu chini ya fuvu. Hata vidonge vya kawaida vya mafua na mzio, kama piritoni, huvuruga kumbukumbu za wazee vikitumiwa kila siku.

Safari ya vipimo huanzia zahanati au Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, ambako tabibu anaweza kupima damu, mkojo, presha, sukari na malaria, na kuchukua historia. Mwenye kutoa historia asiwe mgonjwa peke yake. Awepo anayeishi naye, na awe ameandika tangu lini, nini kilianza, nini kikafuata. Kwa mzee ambaye hakusoma shule kipo kipimo kilichotokana na kazi ya watafiti wa Hai, kiitwacho IDEA, kisichodai kusoma wala kuandika. Mojawapo ya maswali yake ni kuiga umbo lililopangwa kwa njiti nne za kiberiti. Ikionekana haja ya daktari bingwa au picha ya ubongo, rufaa hupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na kutoka hapo Muhimbili jijini Dar es Salaam, au Dodoma kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa na ile ya afya ya akili ya Mirembe. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Kilosa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kwa mgonjwa anayehangaika kwenye basi hilo ni jambo la kuzingatia. Mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Utambulisho wake ufuatiliwe ofisi ya kata na kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya siku ya safari, si dirishani.

Nani wa kuajiriwa

Neno mtaalamu hupotosha hapa. Familia nyingi hudhani ni muuguzi mwenye sare, na zikipiga hesabu ya mshahara wake hukata shauri kumchukua binti wa kazi kutoka kijijini. Mgonjwa wa hatua ya mwanzo na ya kati hahitaji sindano. Anahitaji mtu mzima mtulivu, anayejua ugonjwa huu ni nini, anayeweza kumwogesha, kumlisha na kumwongoza bila kumtisha, na anayeandika alichokiona. Muuguzi huhitajika zaidi kwenye hatua ya mwisho, penye vidonda, mpira wa mkojo au shida ya kumeza.

Watu wa namna hiyo wapo Kilosa kuliko inavyodhaniwa. Miaka ya janga la Ukimwi ilileta nchini mpango wa huduma kwa wagonjwa majumbani, na waliofunzwa wakati ule walijifunza kumgeuza mgonjwa kitandani, kusafisha vidonda, kufuatilia dawa na kuzungumza na familia iliyochoka. Wengi sasa ni watu wa makamo na bado wanajulikana mitaani. Wapo wauguzi wastaafu. Wapo waliomaliza chuo cha maofisa tabibu kilichopo Kilosa na vyuo vingine vya afya, wakisubiri ajira. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii naye anaweza kuitembelea kaya, lakini kazi yake ni ya kata nzima. Asigeuzwe mlinzi wa mzee mmoja.

Anayejitambulisha kuwa muuguzi aulizwe leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Ni karatasi yenye tarehe ya kuisha, na muuguzi wa kweli haoni haya kuionyesha. Asiye muuguzi asichome sindano wala asibadilishe dozi, hata kama alishawahi kufanya hivyo mahali pengine na hakuna kilichotokea.

Mahojiano ya sebuleni hayaonyeshi kitu. Afadhali mwombaji akae na mgonjwa saa mbili tatu huku mtu wa familia akiwa karibu. Aangaliwe anapomsalimia: anamwamkia shikamoo na kungoja marahaba, au anamsemea mgonjwa juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo? Mgonjwa akiuliza swali lile lile mara ya saba, anajibuje? Mzee akimwita kwa jina la binti yake aliyeko mbali, anamkosoa au anaitika? Mwombaji anayecheka makosa ya mgonjwa siku ya kwanza, akiwa anatazamwa, asipewe nafasi ya kubaki naye asipotazamwa. Binti wa miaka kumi na sita, hata awe na moyo wa dhahabu, hafai kazi hii. Mzee mwenye hofu anaweza kumpiga, na usiku atakuwa peke yake naye.

Kisha huja hesabu ambayo kaya nyingi huikwepa. Juma lina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamweka mfanyakazi kwenye saa 45 za kawaida kwa juma, zisizozidi tisa kwa siku, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Zinabaki saa 123. Mtu mmoja wa kulipwa hawezi kuzijaza, na akilazimishwa atalala mchana mgonjwa akitoka nje. Kabla ya kuajiri, wanafamilia wakae na karatasi: nani ana usiku wa Jumatatu, nani Jumapili asubuhi, nani akiugua yule wa kwanza. Ndugu aliyeko Dar es Salaam au Mwanza ambaye hawezi kuchukua zamu huchangia fedha za mtu wa pili wa usiku. Mchango huo utajwe kwa shilingi na tarehe; ahadi ya kwamba "tutasaidiana" humwangukia mtoto wa kike anayeishi karibu, na yeye ndiye anayekuja kuugua mgongo na presha.

Mkataba uandikwe, hata kama mhudumu ni jirani. Uonyeshe mshahara, saa, siku ya mapumziko, likizo ya siku 28 kwa mwaka, nauli, na kazi zenyewe: mhudumu wa mgonjwa si mpishi wa kaya nzima wala mfuaji wa nguo za watu saba. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Michango ya hifadhi ya jamii huelekezwa NSSF. Kima cha chini cha wafanyakazi wa majumbani hutangazwa na serikali kwa amri ya mishahara, na ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi cha CHODAWU hueleza kiwango cha sasa.

Kumkabidhi mgonjwa

Mhudumu akiingia kazini akiwa na jina la ugonjwa tu, atafanya kazi kwa kubahatisha. Akabidhiwe na maisha ya mtu. Daftari kubwa la kaunta linatosha: kurasa za mwanzo zinaandikwa na familia, zinazofuata na mhudumu kila siku.

Kurasa za familia zijibu mambo madogo. Mzee anapenda kuitwaje: Baba Fulani, Mwalimu, Babu? Alifanya kazi gani, akiamka saa ngapi? Anakunywa chai ya rangi au ya maziwa? Anaswali au anasali, na wapi? Ni kifo gani kwenye familia ambacho kimempotea kumbukumbuni, akamuulizia marehemu kila jioni?

Kwa Kilosa lipo swali moja la kutangulizwa mbele ya mengine: lugha. Mbali na Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, wilaya hii ilijazwa na watu walioletwa au waliokuja wenyewe kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba, Rudewa na kwingineko, na kwenye kazi za reli. Wangoni, Wabena, Wamakonde, Wanyamwezi na wengine. Wengi wao na watoto wao wameishi maisha yao yote ya utu uzima kwa Kiswahili. Alzheimer hutangulia kula kilichojifunzwa baadaye, hivyo mgonjwa anaweza kurudi taratibu kwenye lugha ya mama yake, kwanza kwa salamu na kuhesabu, mwishowe kwa kila kitu. Familia ya mjini, ambayo wajukuu wake hawaijui lugha hiyo, huona babu "anaropoka". Kumbe anaomba maji. Mhudumu asiyejua lugha ya mgonjwa aandikiwe daftarini maneno ishirini hivi: maji, njaa, choo, baridi, maumivu, lala, kaa, pole, asante, niko hapa. Mzee wa ukoo anayeijua lugha aje kuyatamka mbele yake.

Siku nzima nyumbani

Ratiba isiyobadilika ndiyo dawa ya kwanza. Kuamka, kunawa, chai, kukaa kivulini, chakula cha mchana, usingizi mfupi, matembezi ya jioni kabla ya giza, vyote viwe kwa saa zile zile na mahali pale pale. Mgonjwa asiyeweza kukumbuka kinachofuata huongozwa na mwili uliozoea.

Mhudumu huzungumza kwa sentensi fupi, moja moja, akiwa mbele ya macho ya mgonjwa na si nyuma yake. "Baba, kaa hapa" hueleweka kuliko "njoo basi ukae tuanze kula kabla uji haujapoa." Maswali ya kumpima, kama "unanijua mimi nani?", yapigwe marufuku nyumbani kote, wageni wakiwemo. Yanamuumbua bure. Mgeni ajitambulishe mwenyewe: "Shikamoo bibi, mimi Asha, mtoto wa Mwajuma."

Kuoga ndiko kunakozaa ugomvi mwingi kuliko jambo jingine, na sababu iko wazi ukitazama kwa macho ya mgonjwa: mtu asiyemjua vizuri anamvua nguo na kumwagia maji. Mhudumu mzoefu hutayarisha kila kitu kabla ya kumwita, yaani ndoo ya maji ya vuguvugu, kopo, sabuni, kigoda kisichoteleza, taulo na nguo safi zilizopangwa kwa mfuatano wa kuvaa. Kanga hubaki mabegani au kiunoni wakati wote, na mwili huoshwa chini ya kanga. Huanza miguuni, akiomba ruhusa: "Bibi, nakuosha miguu." Kopo analishika mgonjwa mwenyewe, hata kama anajimwagia goti lile lile mara tano, mkono wenye kazi haupigi. Uso na kichwa huja mwisho, kwa kitambaa. Akikataa, huachwa nusu saa na kuitwa upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna amri ya kuoga kila siku. Siku mbili tatu kwa juma zinatosha, mradi kwapa, mapaja na sehemu za siri zipanguswe kila siku, na inapowezekana mhudumu awe wa jinsia ya mgonjwa.

Chakula kiwe kile alichozoea. Sahani iwe na kitu kimoja au viwili, yenye rangi tofauti na chakula. Wali mweupe kwenye sahani nyeupe huweza usionekane. Akishindwa kijiko, viazi vitamu vilivyochemshwa na tonge za ugali huliwa kwa mkono bila aibu. Kiu husahaulika kama mambo mengine, na joto la Kilosa halisubiri, kwa hiyo kikombe hutolewa kwa saa, si kwa kuombwa. Choo nacho huendewa kwa saa: baada ya kuamka, baada ya kula, kabla ya kulala. Mara nyingi mgonjwa anayejikojolea mchana hajashindwa kuzuia; hakukumbuka mlango wa choo uko wapi, au vifungo vya suruali vimemshinda. Suruali ya mpira kiunoni na mlango wa choo uliopakwa rangi kali huchelewesha pampasi za wakubwa kwa miezi, nazo ni ghali.

Kuanzia alasiri wagonjwa wengi huanza kuhangaika. Mfano wa kawaida ni wa mzee aliyekuja ujanani kukata mkonge: jua likielekea kuzama hufunga shuka lake kifurushi, husimama mlangoni na kusema anakwenda nyumbani, treni itamwacha. Nyumbani anapopataja ni Songea ya miaka sitini iliyopita. Kumwambia "nyumbani ni hapa" humfanya aamini ametekwa na wageni. Kumwambia mama yake alishafariki humpa msiba mpya kila siku. Kumtungia uongo mkubwa, kwamba mama yuko sokoni na anakuja, huvunjika dakika ile mjukuu anaposema ukweli, na baada ya hapo mzee hamwamini tena mhudumu. Njia inayofanya kazi ni kufuata hisia na kuliacha neno. Mhudumu humsaidia kushika kifurushi, hutembea naye mpaka kwenye mwembe na kurudi, humuuliza huko nyumbani walikuwa wakilima nini, nani alikuwa akipika. Kisha humpa kazi ya mikono: kuchambua mchele, kupukuchua mahindi, kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Taa iwashwe kabla giza halijaingia, kwa sababu vivuli humtisha, na redio inayotangaza misiba na ajali izimwe.

Mchezo, nyimbo na mazungumzo ya kikundi si anasa. Tiba ya kuchangamsha akili, ambayo wagonjwa wachache hukutana mara mbili kwa juma kwa majuma saba, ilirekebishwa na kujaribiwa Hai pamoja na Nigeria, na ikaonyesha manufaa. Magomeni wagonjwa watatu wa mitaa jirani wanaweza kukutanishwa barazani kwa saa moja, wakatambua mbegu kwa kuzishika, wakakamilisha methali au kuimba nyimbo za ujana wao. Methali hukaa sana kichwani. Mgonjwa asiyejua leo ni siku gani humalizia nusu ya pili bila kufikiri.

Hatari za nyumba na za nje

Nyumba ya Kilosa ina hatari zake. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba alicholala, wala lisiachwe na mgonjwa. Chupa ya soda yenye mafuta ya taa au dawa ya kuulia wadudu wa shambani ni sumu iliyo tayari kunywewa. Viuatilifu vyote viondoke kwenye nyumba anamolala mgonjwa, si kupandishwa tu juu ya kabati. Panga, jembe na wembe vifungiwe. Kisima kifunikwe. Njia ya choo cha nje iwe na taa, hata ya sola, na kamba au mti wa kushikilia.

Kutoka na kupotea ndiko kunakoua. Mji una reli, barabara yenye bodaboda, mashamba ambayo mtu akiingia haonekani, na mto Mkondoa, ambao mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulivunja kingo na kuwaacha maelfu bila makazi. Majira ya mvua uangalizi uongezwe. Mlango wa nje uwekewe kengele au makopo yanayolia. Kumfungia mgonjwa kwa kufuli na kuondoka ni hatari ya moto na ni ukatili. Picha yake ya karibuni iwe kwenye simu za wote wanaokaa naye, na namba ya simu iandikwe kwa kalamu isiyofutika ndani ya kola ya shati. Mwenyekiti wa kitongoji, wenye maduka ya jirani na vijana wa kijiwe cha bodaboda waambiwe mapema: huyu babu akipita peke yake, mzungumzisheni na mpige namba hii. Akipotea, dakika kumi za kwanza atafutwe karibu na alikozoea, kama shamba la zamani, msikiti, kanisa au stesheni. Baada ya hapo polisi na vipaza sauti vya misikitini vitumike bila kungoja jioni.

Dawa, na mabadiliko ya ghafla

Zipo dawa ambazo maboksi yake huandikwa donepezil, rivastigmine, galantamine au memantine. Hupunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda, haziponyi. Familia isiuze kiwanja kwa ajili ya dawa hizi. Dawa za kutuliza, kama haloperidol, huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye dimensia. Zitolewe na daktari pale tu mgonjwa anapokuwa hatari kwake au kwa wengine, kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi. Kumlaza mzee kwa vidonge ili mhudumu apate usingizi ni kosa la hesabu ya zamu, na hurekebishwa kwenye zamu.

Alzheimer huenda polepole. Mgonjwa aliyebadilika ndani ya siku moja au mbili, akawa anasinzia, anaona watu wasiokuwepo, anapiga kelele au hatembei tena, ana jambo jipya mwilini: malaria, uambukizi wa mkojo au mapafu, kukosa maji, choo kigumu, mvunjiko baada ya kuanguka, au dawa mpya. Apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Hapa ndipo daftari la mhudumu linapolipa. Likiandika kila siku alikula nini, alikojoa mara ngapi, alipata choo lini, alilala saa ngapi na nini kilimkasirisha, tabibu huona kwa dakika mbili kile ambacho familia ingekisimulia kwa saa nzima na kukikosea.

Fedha na heshima

Pensheni, ruzuku ya TASAF, kodi ya vyumba na hati ya kiwanja vipangwe mgonjwa akiwa bado anaelewa anachotia saini, mbele ya mwanasheria na ndugu zaidi ya mmoja. Mhudumu asishike namba ya siri ya simu ya mgonjwa wala kadi ya benki. Fedha za matumizi apewe kwa kiasi na risiti zibandikwe daftarini; utaratibu huu humlinda yeye kuliko unavyoilinda familia, kwani mgonjwa wa Alzheimer anaweza kumtuhumu mtu wizi mara kwa mara, na anayetuhumiwa ni aliye karibu. Tuhuma zichunguzwe kimya kimya na bila hasira. Michubuko mikononi, hofu mgonjwa anapomwona mtu fulani, au kukonda bila sababu, navyo vichunguzwe, awe mhusika ni mhudumu au ni mtoto wa kumzaa.

Hatua ya mwisho

Mgonjwa hufika asitembee, asiseme, asimeze vizuri. Muuguzi sasa anahitajika, walau kwa kutembelea. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na ngozi ya makalio, visigino na nyonga itazamwe kila anapogeuzwa. Wekundu usiotoweka ni mwanzo wa kidonda. Alishwe akiwa ameketi wima, kwa kijiko kidogo, na abaki wima nusu saa. Uji mzito humwingia kwa usalama kuliko maji mepesi, ambayo hupotea njia kuelekea mapafuni. Mdomo usafishwe kwa kitambaa chenye maji safi. Maumivu yasomwe usoni, kwa kuwa hayasemwi. Familia iamue mapema na daktari kama atapelekwa hospitali kila homa inapopanda au atatulizwa nyumbani, na uamuzi uandikwe ili ndugu atakayewasili na basi la usiku asianze upya.

Mgonjwa akifariki, kazi ya mhudumu inakwisha na haki zake zinaanza kuhesabiwa: mshahara wa siku alizofanya, malipo ya likizo ambayo hakuchukua, notisi ya siku 28 au fedha badala yake kwa anayelipwa kwa mwezi, kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na nauli ya kumrudisha alikotolewa. Apewe pia hati ya utumishi, ambayo sheria inaidai na familia nyingi huisahau. Mahali pasipo na kampuni ya kuuliza, familia nyingine ya Magomeni yenye mgonjwa itaanzia kwenye karatasi hiyo.